Baridi Iliyokuwa Ikivuja

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinipitia nyumbani twende Mwadui kumjulia hali jamaa yetu. Gari lilikuwa limeshinda juani tangu asubuhi. Alipowasha AC, kabla baridi haijaja, ikatoka ile harufu ya vumbi lililolowa, harufu ya kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni siku mbili. Kijana akaona haya. "Samahani, Shangazi, hii AC siku hizi haipoozi vizuri." Mimi nikawa nacheka, na kadiri alivyoomba radhi ndivyo nilivyozidi kucheka, mpaka nadhani alishaanza kuwa na wasiwasi na akili yangu. Nikamwambia asimame, ashuke, achungulie chini ya gari kama maji yanadondoka. Akaniangalia kwa mshangao. Mwanamke mwenye wajukuu anajulia wapi habari za maji ya chini ya gari? Basi nawaandikia ninyi wenzangu, tuliokula vumbi moja, niwaeleze nilikojulia.

Baba alikuwa fundi wa mafriji. Ujana wake aliumalizia Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, kwenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia nyama, kisha akarudi Shinyanga mjini akafungua kibanda chake ubavuni mwa nyumba yetu. Friji zenyewe zilikuwa za kuhesabu, ya bucha, ya hospitali, na za maduka machache ya soda, nyingine zikitumia mafuta ya taa. Kwangu mimi Baba alikuwa mwenye baridi, kama vile jirani yetu alivyokuwa mwenye ng'ombe. Niliamini baridi ni kitu. Inawekwa ndani ya friji kama maji yanavyowekwa mtungini, na friji ikiharibika maana yake baridi imemwagika, naye anakwenda na mkoba wake kuijaza tena. Sikuwahi kumuuliza anaitoa wapi. Nilidhani anaitoa Mwadui, ambako watoto wote tulijua kuna kila kitu.

Sasa fikirini mtoto mwenye imani hiyo anapoletewa gari lenye baridi. Lilikuwa Pijo 504 nyeupe, mali ya Mzee Abeid wa Kahama, mwenye malori ya kubeba pamba kutoka vijijini. Alikuwa amelinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Chini ya dashibodi lilining'inia boksi jeusi lenye matundu, na ukizungusha kitufe, matundu yale yanapuliza baridi ya kweli. Dereva wake alikuwa Masanja, Msukuma mrefu mwenye subira, na boksi lile alilibatiza jina la Mbeho, yaani baridi kwa Kisukuma, akawa analiongelea kama mtu wa nyumbani kwake. Kila alipoegesha mtaani kwetu tulijipanga mstari, mtoto mmoja mmoja anaingiza mkono dirishani hadi ahesabu kumi. Wengine walinusa mikono yao baadaye. Mimi nililamba kidole changu, nikaapa mbele ya wenzangu kwamba baridi ina ladha ya sukari, na kwa wiki nzima nilikuwa mtu wa kuheshimiwa.

Gari hilo liliingia kwenye maisha yetu kwa njia ya posa. Mpwa wake Mzee Abeid, mwalimu wa Kahama, alimposa dada yangu Zuhura, na nyumba nzima ikachanganyikiwa kwa furaha. Kizuizi kilikuwa kimoja tu, vumbi. Zuhura alikuwa na pumu. Mwaka uliotangulia alipanda lori kwenda Kahama kwenye msiba, akashushwa hajiwezi, kifua kinapiga mluzi, midomo imebadilika rangi, wakamlaza hospitalini siku nne. Mama aliapa kwamba barabara ile haitamwona tena mwanawe. Na kwetu bibi harusi ndiye anayepelekwa kwa mumewe, hakuna namna nyingine. Ndipo Mzee Abeid akasema, "Atapanda Pijo. Vioo vitafungwa mwanzo wa safari hadi mwisho, vumbi libaki nje, baridi iwe ndani." Mama akakubali kwa sharti hilo, na akalirudia mara tatu ili kila mtu alisikie.

Siku tano kabla ya harusi Masanja akaja na gari, uso umemshuka. Mbeho alikuwa anapuliza moto. Ilikuwa ile miezi ya kabla ya mvua, mawingu yanazunguka mchana kutwa bila kushuka, joto la kunata na vumbi la kutosha. Kufunga vioo bila baridi kungekuwa kumpika bibi harusi, na kuvifungua ndiyo kumrudisha hospitalini. Mafundi wa gereji walishatoa hukumu kwamba gesi imekwisha, na gesi Shinyanga hakuna, labda ikatafutwe mbali, tena haijulikani itapatikana lini. Mama aliposikia, aliacha kuchambua mchele, akaingia chumbani akafunga mlango.

Baba hakubishana na mtu. Hata boneti hakuifungua. Alimvutia Masanja kibao, akaketi naye, akaanza kumhoji kana kwamba mgonjwa ni yeye.

"Ilianza ghafla au polepole?"

"Polepole, fundi. Ilianza kupungua kidogo kidogo, sasa imekata tamaa kabisa."

"Inapooza zaidi ukiwa unatembea au ukisimama?"

"Nikitembea angalau. Nikisimama inaleta moto."

"Na maji ya rejeta yanakaaje?"

Masanja akaangalia viatu vyake. "Naongeza. Asubuhi na jioni."

"Mwenye gari anajua?"

"Aliniuliza habari za Mbeho tu. Habari za maji hakuniuliza."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu nikifuatilia kila neno. Sijui niseme nini ili mnielewe. Kulikuwa na kitu kimefichwa ndani ya gari lile, na Baba alikuwa anakinyatia, na nilijua atakikamata. Akaniita. "Njoo hapa, macho yako ni mazima kuliko yangu." Nilifika kabla hajamaliza kusema.

Aliwasha injini, akazungusha kitufe cha kiyoyozi. Chini ya boneti kukalia tak. "Umesikia? Hiyo ni kompresa imeshika. Ingekuwa imekufa isingelia." Akabonyeza mkanda kwa dole gumba, umekaza. Akanionyesha kijicho cha kioo, kidogo kama kifungo cha shati, kilichopachikwa kwenye bomba jembamba. "Gesi ikipungua, hapa yanapita mapovu. Unaona mapovu?"

"Sioni, Baba."

"Angalia tena. Usiseme ili kunifurahisha."

Nikakodoa mpaka machozi yakanitoka. Ndani ya kioo mlikuwa mweupe, safi, hakuna kinachopita. "Hakuna hata moja," nikasema.

"Basi gesi ipo," akasema Baba, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anatabasamu. "Wenzetu wamehukumu bila kumwita shahidi."

Halafu akanituma kitu ambacho sikukitegemea, chetezo cha Shangazi Mwajuma. Huyu alikuwa dada yake Baba, mkuu wa shughuli yote ya harusi, na nyumba ilikuwa inanukia udi wake tangu alipowasili. Nilikiiba kistaarabu, yaani nilikichukua huku nakimbia. Shangazi akanifuata hadi uani, mkono kiunoni. "Udi wa bibi harusi mnalifukizia gari? Nalo linaolewa?"

"Subiri kidogo, dada," Baba akamwambia. Akakisogeza chetezo mbele ya pua ya gari, injini ikiwa inanguruma. "Feni iko nyuma ya rejeta, inavuta hewa kutoka huku mbele. Moshi huu ungepaswa kumezwa." Tukainama wote wanne kutazama, Shangazi naye. Moshi ulifika kwenye wavu wa mbele, ukasita, ukapanda taratibu, ukaenda zake usoni kwa Shangazi.

"Haumezwi," nikasema, sauti ikanitoka juu kuliko nilivyokusudia. "Baba, pua imeziba!"

"Pua imeziba," akasema Baba.

Mbele ya rejeta ya injini, akatueleza, kuna rejeta nyingine nyembamba, ya kiyoyozi, na joto lote linalotolewa ndani ya gari linapelekwa pale likapepewe. Ile ya mbele ilikuwa inang'aa, maana Masanja aliipangusa kila alfajiri. Lakini Baba alipofungua boliti na kuziachanisha zile mbili, katikati yake lilitoka blanketi. Siwatanii, blanketi la pamba, la kijivu, nene, limeshikamana na vumbi kiasi cha kukunjika bila kukatika. Msimu mzima Masanja alikuwa anamwendesha tajiri wake nyuma ya malori yake mwenyewe, na nyuzi zilizopeperuka kutoka kwenye magunia zilipenya rejeta ya kwanza zikanasa kwenye ya pili. Injini ilikuwa inakunywa maji kwa sababu hiyo hiyo.

Masanja alilishika lile blanketi kwa mikono miwili. "Fundi, hii nimpelekee mke wangu," akasema, na Shangazi akacheka mpaka akasahau chetezo chake.

Kazi ya kusafisha nilipewa mimi, kwa sababu vidole vyangu viliingia pasipoingia vya mtu mzima. Siku mbili, nikitoka shule tu, nilichanua yale mabati membamba kwa chanuo cha nywele, mstari kwa mstari, Baba akinimwagilia maji polepole kutoka upande wa nyuma. Jumatano alasiri akafunga kila kitu, akawasha. Tukangoja. Baba alichomeka kwenye tundu la katikati kipimajoto chake cha mafriji, na tukakodolea ile zebaki ikishuka, ishirini na nane, ishirini na mbili, kumi na saba, kumi na mbili. Niliruka nikajigonga kichwa kwenye paa la gari na sikusikia maumivu. Mama akamleta Zuhura, wakakaa nyuma, wakafunga vioo. Kupitia kioo nilimwona dada yangu anafumba macho na kuvuta pumzi ndefu, na Mama anamtazama kifua. Aliposhuka, Mama alimshika Baba mkono mbele yetu sote. Sikuwahi kuona jambo hilo kabla ya siku ile.

Hapo ndipo hadithi ingekwisha, kama isingekuwa mimi.

Alhamisi mchana Masanja aliegesha gari mbele ya nyumba huku injini inanguruma, maana kila mgeni alitaka kuonja baridi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kivulini. Nikaona chini ya gari, upande wa abiria, kuna kijimpira kinachungulia, na kwenye ncha yake tone. Likaanguka. Likaja jingine. Nikanyoosha kidole nikaligusa, na nikahisi damu inaniganda. Lilikuwa la baridi sana.

Mnaona nilichokiona. Baridi yetu, ile tuliyoihangaikia kwa siku mbili na chanuo, ilikuwa inavuja tone kwa tone kwenye mchanga wa Shinyanga. Kwa mwendo ule hadi Jumamosi ingekuwa imekwisha yote, na Zuhura angekuwa katikati ya barabara. Nilitaka kumkimbilia Baba, lakini alikuwa amezungukwa na watu wanampongeza, na alikuwa amenyooka mgongo kwa namna ambayo sikupenda kuiharibu. Tena, niseme ukweli, nilitaka niwe mimi. Nikaenda kibandani, nikachomoa pamba kwenye lile blanketi, nikailowesha kwa mate, nikaisokota, nikajiviringisha chini ya gari na kuisindilia ndani ya mpira kwa kijiti mpaka ikagoma kwenda. Nikangoja nikiwa nimelala kifudifudi. Hakuna tone. Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyeokoa ukoo.

Ijumaa kutwa Masanja alisomba wageni, vioo vimefungwa, Mbeho anapuliza. Jumamosi asubuhi ndoa ikafungwa, pilau likaliwa, vifijo kila upande. Kabla ya kumtoa bibi harusi, Shangazi Mwajuma akapanda kiti cha mbele ahakikishe mambo yako sawa. Masanja akamzungusha mtaa, na mbele ya mlango wetu, mbele ya wakwe wote, akafunga breki.

Tukasikia ukelele. Mlango ukafunguka, na Shangazi akashuka na viatu vyake vipya vimejaa maji. Nyuma yake ilitoka harufu ya kitambaa kilichooza. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu hadi huoni ndani. "Linanitemea," akasema Shangazi. "Gari linanitemea mate." Masanja alieleza kwa unyonge kwamba tangu jana jioni upepo umekuwa dhaifu, kisha unyevunyevu, na alidhani ni wingi wa watu.

Baba alikuja na kanzu yake nyeupe. Akasikiliza tak, ikalia. Mkanda mzima. Kijicho hakina mapovu. Akaomba chetezo, na moshi ukamezwa wote. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso, na watu wakaanza kunong'ona. Shangazi alisema hii ni husuda, kuna jicho la mtu. Mzee Abeid alimsogelea Baba kwa upole. "Baba Zuhura, saa zinakwenda na Kahama watu wanangoja. Tufungue vioo, tumfunike uso kwa kitambaa kibichi, twende polepole."

"Hapana," akasema Mama, na hakupaza sauti. "Vioo vikifunguliwa, harusi hii ibaki hapa hapa."

Mlangoni nyuma ya pazia nilijua Zuhura anasikia kila neno. Baba akapiga goti, akainamia uvungu wa gari. "Jambo moja silielewi," akasema kama anajisemea. "Limewashwa muda wote huu, na chini pamekauka. Maji yangepaswa kudondoka. Kudondoka ndiyo uzima wake."

Nilitazama ile kanzu, magoti yake kwenye mchanga, wakwe wanamtazama kisogo. Ningeweza kunyamaza. Angelipata mwenyewe baada ya saa moja au mbili, na nadhani asingejua kamwe ni nani. Lakini saa moja hatukuwa nayo.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Niliziba. Ilikuwa inavuja, nikaogopa baridi itakwisha kabla ya Kahama."

Aligeuka kunitazama. "Umeziba kwa kitu gani?"

"Pamba. Ile ya kwenye rejeta."

"Unaweza kuitoa?"

Niliingia uvunguni na gauni langu la harusi, la waridi, lenye mikanda ya satini, nikaingiza kucha, nikavuta. Pamba ilitoka, na maji ya siku mbili yakanimwagikia usoni, shingoni, kifuani, yananuka vibaya na yana baridi ya kukata. Nikapiga kelele. Nilipotoka pale chini nilikuwa tope tupu, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni kicheko kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa Zuhura. Kisha Mzee Abeid, kisha Masanja aliyekuwa ameshika tumbo, akisema, "Wabeja, mayu, asante mama, umemfungulia Mbeho haja ndogo."

Baba hakucheka, wala hakunipiga. Alichutama tukawa macho kwa macho, akanipangusa kwa pindo la kanzu yake. "Baridi haiwekwi, mwanangu," akasema. "Hakuna mahali inapotoka. Kazi yetu ni kutoa joto tu na kulitupa nje. Hewa ikipoa inaacha maji yake, kama kikombe cha maji ya friji kinavyotoka jasho. Hayo ndiyo uliyoyaona." Nilisimama pale nalowesha mchanga, na kichwa changu kilikuwa kinazunguka kwa furaha ambayo sikuitegemea. Mitungi yote ya baridi niliyokuwa nimejijengea ilikuwa imepasuka, na kilichobaki kilikuwa kizuri zaidi. Nilitaka nimuulize maswali mia.

Hayakuwa na nafasi, kwa sababu Zuhura alikuwa ametuma neno: mdogo wake aje naye, aje hivyo hivyo. Mama alinibadilisha gauni kwa kasi ya kunichubua masikio. Masanja alikamua mazulia, akaacha Mbeho apulize mpaka vioo vikatakata, kipimajoto kikarudi kumi na mbili, na Mama mwenyewe akavifunga, kimoja kimoja, akivijaribu kwa kiganja.

Nilikaa mbele, kati ya Masanja na Shangazi aliyevaa ndala. Kazi yangu ilikuwa moja, na Masanja aliitangaza kwa heshima zote: kila tuliposimama, nishuke haraka, nifunge mlango, nichungulie. "Vipi, mayu?" "Linadondoka." Tukaendelea. Malori yalitupita yakitufunika mpaka barabara ikapotea, wekundu mtupu kila upande, na ndani tulikuwa tunasikia mlio wa Mbeho na pumzi za Zuhura. Nilizisikiliza njia nzima. Zilikuwa za kawaida, za mtu aliyekaa.

Kahama walitupokea kwa vigelegele na ngoma. Gari kwa nje lilikuwa halijulikani rangi yake. Mama mkwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alifungua mlango mwenyewe, akamwinamia Zuhura kwa huruma, maana habari za kifua chake alishapewa zote. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Pole na safari. Pole na vumbi."

"Shikamoo, mama," akasema dada yangu. "Vumbi lipi?"

Baba hakuwepo kusikia, baba wa bibi harusi hubaki kwake. Nilirudi na Masanja kesho yake, nikamkuta kibandani, mkono ndani ya friji ya mtu. Nikamweleza vituo vyote na matone yote, naye anaitikia huku anafanya kazi. Nilipofika kwenye maneno ya Zuhura akaacha. Akaweka bisibisi chini, akajifuta mikono, akaniambia nirudie.